Hewa Aliyonyimwa Mluzi

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Walimwita Mama Miche. Jina hilo alibandikwa na mlinzi wa getini, mtu wa masihara, siku alipomkuta amepiga magoti mbele ya trei ya miche iliyolegea akiibembeleza: "Haya wanangu, simameni basi, mnaniaibisha mbele ya wageni." Baadaye mlinzi akasikia kwamba mama huyu hakujaliwa kuzaa, akaona haya, akaja kuomba radhi na kutaka jina lisahauliwe. Mwenyewe akakataa. "Liache tu. Hawa hata ada ya shule hawaniombi."

Kazi yake ilikuwa katika banda la vioo la kituo cha utafiti wa mimea. Alipanda, alimwagilia, alinyunyizia dawa, aliosha visahani, na vidole vyake vilikuwa vimezoea vitu vidogo. Mmea uliokuwa ukichunguzwa pale ulikuwa gugu tu, gugu fupi lenye majani yaliyojipanga duara juu ya udongo kama kifungo cha koti, na mbegu laini kama ugoro. Halikuliwa wala halikuuzwa. Watafiti walilipenda kwa sababu lilikua upesi na jeni zake zilikuwa zimeshasomwa zote.

Nyumbani aliishi na baba yake, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo nyuma. Mzee alikuwa mkulima zamani. Sasa macho yalikuwa yamepungua, magoti yamekataa, na maneno alikuwa nayo machache, isipokuwa kwa jambo moja. Kila jioni taarifa ya habari ilipokwisha, alizima redio na kuilaani hospitali. Hakupaza sauti. Alisema polepole, kama anayesoma kitu alichokihifadhi utotoni.

"Walimnyima hewa. Mitungi ilikuwepo, niliiona kwa macho haya, imesimamishwa ukutani kama askari. Mwanangu anakata roho kwa kukosa pumzi, na wao wamekaa na hewa yao."

"Ndiyo, baba," alijibu Mama Miche, akakusanya vyombo.

Mwana aliyesemwa alikuwa kaka yake Mama Miche, kifungua mimba wa nyumba ile. Walimwita Mluzi, kwa kuwa midomo yake haikujua kutulia. Akilima anapiga mluzi, akioga anapiga mluzi, akigombezwa anangoja amalize kugombezwa kisha anapiga mluzi. Mama yao, alipokuwa hai, alikuwa akisema mtoto huyu hatapotea hata gizani.

Msimu mmoja magugu yaliwazidi shambani. Baba akaenda kununua dawa ya kuyaua kwa muuzaji aliyekuwa akipima kidogo kidogo, na kwa vile hakuwa na chombo, akamiminiwa kwenye chupa ya soda. Alirudi nayo, akaiweka barazani nyuma ya mtungi wa maji, akaingia ndani kuvua viatu. Mluzi akatoka shambani jua limemkausha koo. Akaiona chupa, akaifungua, akapiga funda moja.

Akatema. Akacheka.

"Baba! Soda yako imechacha!"

Baba alitoka mbio mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Dada mtu, wakati huo msichana wa shule, alikuwa akipepeta mahindi uani, na kitu alichokikumbuka maisha yake yote ni kwamba kaka yake alikuwa bado anacheka wakati baba anamkaba shingo na kumtia vidole kinywani atapike.

Hospitalini aliteswa na vidonda vya mdomo, kisha akapata nafuu. Hilo ndilo lililowamaliza. Aliketi kitandani akiwatania manesi, akatembea wodini na shati la hospitali lisilomtosha, akisema akitoka pale hatakunywa kitu asichokichuma mwenyewe mtini. Baba akaanza kupanga safari ya kurudi nyumbani. Halafu pumzi ikaanza kuwa fupi. Kwanza akipanda ngazi, kisha akigeuka kitandani, kisha akiwa amelala tu. Siku moja alikunja midomo apige mluzi kumchekesha dada yake, ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Akamtazama dada yake kwa mshangao, kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta ufunguo haumo.

"Nipeni hewa," akawa anaomba. "Hiyo mitungi, nipeni kidogo."

Daktari alipita kwa haraka, ana wagonjwa wengi na wasaidizi wachache. "Hapana, hewa itammaliza upesi," alisema, akaenda kitanda kingine. Hakukaa kueleza. Baba alisikia maneno hayo kama mtu anavyosikia tusi: ni maskini, mwache afe. Walimpa oksijeni mwishoni kabisa, alipokuwa amekwisha kukata kauli, na baba akaapa kwamba ilikuwa danganya toto.

Basi maisha yakaendelea jinsi yanavyoendelea. Shamba likauzwa. Mama akafariki. Dada mtu akaolewa, akaachika, akapata kazi kituoni, akamchukua baba yake. Kila jioni hospitali ikalaaniwa. Chupa haikutajwa. Aliyeiweka barazani alijulikana na kila mtu wa ukoo ule, na hakuna aliyemnyooshea kidole, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha kuwanyooshea wengine.

Kisha mwaka mmoja kituo kilipata mtafiti mpya, mwanamke kijana mwenye kicheko kikubwa, ambaye alishinda bandani hadi nywele zake zikawa zinanuka mboji. Siku ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza alichokuwa akikitafuta.

"Mmea unakula mwanga," alisema. "Lakini kuna sumu inayoingia ndani ya jani, inaiba nguvu ya ule mwanga kabla haijafika jikoni, na kuisukumia oksijeni. Oksijeni ikipokea nguvu hiyo inakuwa kichaa. Inachoma kila inachogusa. Jani linaungua kutoka ndani, bila moto. Sasa mimi nataka mmea ambao hauungui. Nikiupata, nitajua ni jeni gani zinazoizima hiyo hasira, kwa maana mimea hupambana na oksijeni kali hata bila sumu: jua likizidi, maji yakikosekana, baridi ikipiga."

Akainua chupa ya maabara. "Wakulima mnaijua. Ni dawa ya magugu, ile ya kukausha shamba kwa siku moja."

Akaitaja kwa jina, na lilikuwa jina la dawa ile ya kwenye chupa ya soda. Mama Miche alikuwa ameshika ndoo. Aliiweka chini taratibu sana, akaenda nje, akasimama nyuma ya mapipa hadi wenzake walipotawanyika. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kazi yake aliipenda, na chupa ile ilikuwa na kibandiko, kifuniko, na kabati lenye kufuli. Alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, akapiga moyo konde.

Lakini tangu siku hiyo banda halikuwa lilelile. Kulikuwa na feni kubwa za kuvutia hewa mwisho wa banda, na siku za joto zilipozunguka kwa kasi, katika ule mvumo wao alianza kusikia mluzi. Si wimbo. Ni ule mluzi wa mtu anayelima, unaopanda, unaokatika akivuta jembe, unaoshuka. Akigeuka, ni feni. Akiinamia trei, unaanza tena. Alimwita fundi azikague.

"Mama, feni hizi nzima kuliko mimi," alisema fundi akifuta mikono.

"Hazipigi mluzi?"

Fundi alitega sikio kwa adabu. "Zinavuma tu."

Akaacha kuuliza. Akazoea kufanya kazi mgongo umeelekea ukuta.

Mbegu zilikuwa zimetiwa kemikali ya kuharibu jeni ovyo ovyo, kila mbegu ikakosewa herufi za jeni zake hapa na pale, na yeye alizipanda kwenye visahani vya rojo iliyochanganywa sumu. Zilichipua, taa zikaziwakia, zikageuka nyeupe. Kisahani baada ya kisahani, miche myeupe kama meno. Alizoea kuitupa bila kuitazama. Kisha asubuhi moja, katikati ya weupe huo, akaona tone la kijani. Mche mmoja, mdogo, umesimama.

Alipaswa kumwita mtafiti mara moja. Hakumwita. Aliinamisha uso karibu na kisahani, akajikuta ananong'ona, "Wewe umewezaje?" Na nyuma yake, feni zikiwa zimezimwa kwa ajili ya usafi, mluzi ukapita toka mlangoni hadi mwisho wa banda.

Walipata mimea kadhaa ya aina hiyo, lakini ule wa kwanza ndio uliostahimili zaidi. Mtafiti alimfundisha kuuchanganya na mmea wa kawaida: anafungua ua kwa kibano kabla halijakomaa, anaondoa chavua yake, anapaka chavua ya mwingine. Watoto waliozaliwa waliwekwa kwenye sumu, wakafa wote. Mama Miche alisikitika kama aliyefiwa. Mtafiti akacheka.

"Subiri wajukuu, Mama Miche. Kila mmoja wa hawa watoto alibeba nakala mbili za jeni, moja nzima, moja yenye kosa. Ile nzima inatosha kuifunika yenye kosa. Lakini kosa lipo ndani, halikwenda popote."

Kweli, wajukuu walipowekwa kwenye sumu, robo yao walibaki kijani. Jambo lililofichwa kizazi kizima lilitokeza mbele yao kama halikuwahi kuondoka. Mama Miche alirudi nyumbani siku hiyo akashindwa kula.

Siku iliyobadili mambo ilikuwa ya wageni. Wanafunzi wa chuo walikuja kutembelea banda, na mtafiti akataka kuwaonyesha kwa macho kwamba mwuaji si sumu peke yake. Akachukua trei mbili za miche ya kawaida, zote zikanyunyiziwa sumu ileile. Moja ikawekwa kwenye sanduku la kioo lenye hewa ya kawaida. Nyingine kwenye sanduku ambalo oksijeni ilitolewa ikajazwa naitrojeni tupu. Taa zikawashwa juu ya zote. Mchana ulipogeuka, miche iliyokuwa na hewa ilikuwa imenyauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Iliyonyimwa hewa ilikuwa bado kijani.

Wanafunzi walipiga picha, wakaondoka. Mama Miche alibaki amesimama mbele ya masanduku.

"Daktari," alimwita mtafiti, "na mtu je? Mtu hali mwanga."

Mtafiti alimtazama, akaona sura yake, kicheko kikamtoka usoni. "Mtu hahitaji mwanga kwa hili, dada. Sumu ikishaingia mwilini inakimbilia mapafuni, inachukua nguvu ya seli zenyewe na kuipa oksijeni. Na haitumiki ikaisha, inarudia, inarudia. Ukimpa mgonjwa oksijeni ya mtungi, unachochea. Ndiyo maana madaktari huizuia mpaka isiwepo njia nyingine."

"Kwa hiyo asipopewa, anapona?"

"Mara nyingi haponi. Lakini hawamharakishi."

Mama Miche alishukuru, akaenda kuosha visahani. Aliosha hadi vile vilivyokuwa safi.

Jioni ile redio ilizimwa. "Walimnyima hewa," baba alianza. Akafika kwenye mitungi iliyosimamishwa kama askari, na binti yake, sahani mkononi, akafungua kinywa. Alitaka kusema. Halafu akamtazama mzee, shingo iliyokonda, mikono miwili imeshika magoti, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona miaka yote hiyo. Laana ile ilikuwa ukuta, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na baraza, mtungi wa maji na chupa. Ukiuangusha ukuta, mzee ataitazama nini?

"Ndiyo, baba," alisema.

Alikaa na jambo hilo tumboni mvua zote. Bandani mluzi ulizidi. Nyumbani laana ikawa inamchoma kuliko mwanzo, kwa sababu sasa alijua ni uongo na alikuwa akiuitikia.

Mwisho wa mvua baba alishikwa na homa ya mapafu. Ilianza kama mafua, ikamwangusha ghafla. Binti alimpeleka kwenye hospitali ileile kwa kuwa haikuwepo nyingine ya karibu, na mzee alikuwa ana joto kali kiasi cha kutojua anapopelekwa. Alipofumbua macho alijua. Majengo yalikuwa yamepakwa rangi nyingine, vitanda vilikuwa vipya, lakini dirisha lilikuwa lilelile, linatazama ukuta uleule.

Nesi alikuja na barakoa ya oksijeni. Mzee akausukuma mkono wake.

"Toa."

"Babu, damu yako haina hewa ya kutosha. Midomo imeanza kuwa ya bluu."

"Hewa mliyomnyima mwanangu, mimi sina haja nayo."

Nesi alikuwa binti mdogo, wakati wa Mluzi hakuwa amezaliwa. Aligeuka kwa Mama Miche macho kodo. Akajaribu tena, mzee akaing'oa barakoa, kifua kikipanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa. Daktari akaitwa, akamsemesha kwa upole, akajibiwa kwa kugeuziwa mgongo. Nje kwenye korido alimwambia Mama Miche wazi: akiendelea hivi, hafiki kesho.

Mama Miche alirudi ndani, akavuta stuli, akaketi upande ule ambao mzee alikuwa ameuelekea.

"Baba, nisikilize. Hawakumnyima."

Mzee akavuta shuka hadi shingoni.

"Ile sumu inageuza hewa kuwa moto. Naifanyia kazi, baba. Nimeona kwa macho yangu miche yenye hewa inaungua na isiyo na hewa inabaki hai. Wangempa ile mitungi angeungua mbele yetu. Yule daktari hakutueleza, na hilo ni kosa lake, lakini kumnyima hakumnyima. Alikuwa anamlinda."

Mzee alipumua kwa shida, akapumua tena.

"Umejua lini?"

"Kabla ya mvua."

"Ukaniacha nikawa naongea."

"Nilikuacha."

Kitanda cha pili mtu alikuwa akikohoa. Mzee alitazama dirishani muda mrefu, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu aliyechoka kusimama.

"Basi imebaki chupa."

Mama Miche alisogeza stuli karibu. Alishika mkono wa baba yake, ulikuwa wa moto na mkavu. "Baba, wewe hukunywa sumu. Una homa tu. Hewa hii kwako ni dawa."

"Niivute kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu. Nitakaa na nani nyumba ile?"

Mzee alifumba macho. Machozi yakatelemka ubavuni mwa pua, yakalowesha mto. Baada ya kitambo akageuza uso juu. Nesi aliyekuwa amesimama mlangoni akaja haraka, akamvalisha.

Alipona. Walirudi nyumbani, na redio ikakaa kimya, kwa kuwa mzee hakuiwasha tena. Hakuilaani hospitali. Hakusema chochote. Alikula alichopewa, akaketi alipoketishwa, akitazama mbele yake hatua chache, palipokuwa na sakafu tupu. Mama Miche, aliyekuwa ameichukia ile laana miaka na miaka, akaanza kuitamani. Shangazi, dada yake mzee, alikuja kumjulia hali, akakaa siku nzima, na wakati wa kuondoka akamvuta Mama Miche pembeni.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Angekufa, shangazi."

"Sikatai. Lakini mtu mzima alikuwa na fimbo yake anaegemea, wewe ukaivunja. Sasa ndiyo umwinue kwa mikono."

Maneno yakamkaa. Kazini nako mtafiti alikuwa amefika mwisho wa safari yake: jeni iliyokosewa ilikuwa ya kuzuia, kazi yake kuutuliza mmea usijilinde ovyo. Ilipovunjika, ulinzi ukawa macho wakati wote, hata pasipo hatari. "Ni kama zimamoto wanaolala na kofia kichwani," mtafiti alisema akicheka. Sumu haikuuweza mmea huo. Lakini ulikuwa mfupi, majani yamekunjamana, unachelewa kuchanua, na mbegu zake unazihesabu kwa vidole. Mama Miche aliumwagilia kwa mkono wake mwenyewe, mbali na mingine. Mluzi haukuja tena bandani. Alitega sikio siku kadhaa, asubuhi na mchana. Feni zilivuma tu, kama fundi alivyosema, na hakujua kama ashukuru au alie.

Alasiri moja alitoka kazini mapema. Alipofika nyumbani alisikia mazungumzo uani, akadhani kuna mgeni, akaenda taratibu ili amsalimie. Baba alikuwa peke yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, na mbele yake ameweka kigoda cha pili. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida, ya mtu na mwanawe. Alisema habari za homa. Alisema jinsi shamba lilivyouzwa, na ni nani amejenga pale. Alisema, "Ni mimi niliyeiweka, unajua. Nilikwenda kuvua viatu tu." Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa upande, kama mtu anayejibiwa.

Mama Miche alisimama kwenye kona ya nyumba. Mzee akaona kivuli chake, akageuka. Hakuonyesha aibu.

"Umerudi mapema."

"Nimerudi, baba. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na kaka yako." Alifuta goti kwa kiganja. "Ameniuliza kama nimekula."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia nakusubiri wewe."

Alitazama kile kigoda cha pili. Alitaka kukichukua akirudishe ndani, mkono ukasita. Akaenda jikoni, akawasha jiko, akaanza kupika. Mlango wa uani aliuacha wazi.